Nicodemo Akonaay Sulle, Rubani na Mwalimu wa Ndege ya Gurudumu la Mkia

Waombolezaji wapendwa, familia ya mzee Akonaay Sulle wa Bashay inaomba utulivu wenu, ili tumsindikize ndugu yetu kwa kuyataja maisha yake kama alivyoyaishi.

Marehemu Nicodemo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika kijiji cha Bashay, Mbulu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Akonaay na mama Justina, akasoma shule ya msingi hapo hapo Bashay, kisha sekondari mjini Arusha, ambako alimaliza mwaka 1968, akajifunza ufundi wa injini na baadaye urubani, na kuanzia mwaka 1976 akarusha ndege za kunyunyizia dawa katika mashamba ya ngano ya Hanang.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Fransiska, binti wa mzee Tadeo wa Masakta, wakajenga huko huko Masakta, karibu na mashamba hayo ya ngano, na Mungu akawajalia watoto watatu, Violeth mwaka 1979, Herman mwaka 1982 na Agatha mwaka 1986.

Mwaka 1996, mashamba yalipopunguza wafanyakazi, marehemu alirudi nyumbani kushika jembe, lakini mwaka uliofuata aliajiriwa na huduma ya ndege inayobeba wagonjwa na madaktari, iliyokuwa na ndege mbili, moja mpya yenye gurudumu dogo chini ya pua, na nyingine ya zamani yenye gurudumu dogo chini ya mkia, na ni hii ya zamani aliyoipenda mpaka majirani wakamtania kwamba ameoa mke wa pili.

Mwaka 1999 Violeth alipoomba kujifunza urubani, marehemu alisema ataanzia kwenye ile ya mkia, na mama Fransiska akakataa katakata, akimwambia, "Baba Violeth, ile nyingine imekaa sawa kama meza, kwa nini mwanangu apande hii inayoinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua?" Marehemu alimjibu kwa upole kwamba ile ya meza inamsamehe rubani mwenye miguu mivivu, lakini hii haimsamehe, kwa sababu uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, na ikipinda kidogo tu ardhini mkia hutaka kuja mbele, kama mkokoteni unaosukumwa kinyumenyume, hivyo anayejifunza nayo huzoea kuusoma upepo, kukanyaga pedali mapema kabla ya kosa kukua, na kutua polepole kwenye viwanja vifupi vyenye mashimo, ambavyo ndivyo tulivyo navyo. Mama Fransiska akasema, "Huyu umeshanichukulia, lakini Agatha utaniachia mimi," na marehemu, aliyejua Agatha naye anatamani kuruka, aliliheshimu neno hilo hata baada ya kumfundisha Violeth mpaka akahitimu na kuajiriwa katika huduma ile ile.

Tarehe 11 Aprili 2006 marehemu alishikwa na maumivu makali ya tumbo nyumbani Masakta, mganga wa zahanati akasema utumbo umeziba na anahitaji upasuaji siku hiyo hiyo, wakati mvua za masika zilikuwa zimekata barabara, na kiwanja cha ndege cha zamani cha shamba la ngano kilikuwa kimelimwa maharage, maana shemeji yetu Tadei, kaka wa mama Fransiska, alikipitishia ng'ombe na plau akiamini kwamba ndege zimekwisha pamoja na ajira. Majirani walisawazisha kwa majembe walichoweza, lakini matuta yaliyobaki yangevunja gurudumu la pua, hivyo Violeth, aliyepigiwa simu, akaja na ile ya mkia, upepo wa mlima Hanang ukiisukuma kwa ubavu, akalaza bawa moja upande wa upepo, akagusa kwa gurudumu moja, akayapita matuta bila kuyumba, akasimama. Marehemu, aliyelazwa kwenye godoro pembeni, alisema, "Tadei, maharage yako yamepona?" na mama Fransiska, ambaye hakuwahi kupanda ndege, akajifunga kanga, akapanda.

Walipofika hospitali ya rufaa, mama huyo alimgeukia binti yake mbele ya wauguzi, akasema, "Rubani, shikamoo," na Violeth akainamisha uso, asijue kama mtoto anaweza kumwitikia mama yake marahaba, na marehemu akacheka huku ameshika tumbo.

Upasuaji ulifanyika, ukaonyesha uvimbe uliokwisha kusambaa, na pamoja na juhudi zote za madaktari marehemu alifariki Jumatano tarehe 3 Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 57, mkewe na watoto wote wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mganga wa zahanati aliyesema mapema, marubani na mafundi wenzake, ndugu wa Bashay na wa kijiji cha Gehandu, majirani wa Masakta walioacha mashamba yao siku ile, na shemeji Tadei, ambaye hatumdai radhi. Mwisho, mama Fransiska ameomba isomwe mbele yenu wote kwamba matanga yakishaanuliwa, Agatha ataanza kujifunza kwa dada yake, na aanzie kwenye ndege ya mkia.

Baba Violeth, umeruhusiwa, pumzika kwa amani.