Pete Zangu za Miguuni

Sabato njema, ndugu zangu. Leo nimevua soksi makusudi. Wale wa nyuma simameni kidogo muone hili kovu, maana sitalizungumzia tena.

Niliolewa upande wa Magwagwa mwaka ule wa Uhuru, nikavaa pete za chuma miguuni kama mke wa ndoa. Miaka tisa, hakuna mtoto. Mume wangu alianza na maneno, yakaja makofi, halafu mpini wa jembe. Meno yangu mawili yalibaki shambani kwenye majani chai. Na mimi kila Sabato nafunga, naomba: Bwana, fungua tumbo hili, wanaonisema wanyamaze. Wengine wenu mliniambia imani yangu ni ndogo. Nimewasamehe, lakini sijasahau.

Siku moja mchana alikuja na nyundo na tindo. Akasema, "Chuma changu kinafanya nini kwa mguu wa mwanamke tasa?" Kwetu pete zikitoka, ndoa imekwisha. Akaubana mguu wangu kwa magoti yake, akaanza kugonga. Pete ya kwanza ikakatika. Ya pili, tindo likateleza likaingia kwa mfupa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu. Nilimsukuma kwa mguu mwingine akaanguka, nikanyakua nyundo, na kichwa chake kilikuwa hapa chini yangu. Nilitaka kumuua. Siku hiyo sikuomba mtoto. Nilisema tu, "Bwana, toa hii kitu mkononi mwangu." Nikaitupa migombani.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiniita mti mkavu, alikuja akararua leso yake akanifunga mguu. Akaniambia polepole, "Mwanangu, mimi nilizaa saba, na baba yake alinipiga hivi hivi."

Nililia kuliko nilivyowahi kulilia mtoto. Miaka tisa nilidhani napigwa kwa sababu ya tumbo.

Akina mama wa kanisa walinibeba kwa machela ya miti mpaka hospitali, baadaye wakanipa chumba, sikurudi kwake. Asanteni. Na yule aliyerarua leso ameketi hapa kati yenu, simtaji jina. Pete zilizobaki nilizikata mwenyewe.

Mtoto sikupata, na bado inaniuma. Lakini nilikuwa naombea tumbo peke yake, kana kwamba miguu iliumbwa na mwingine. Dada yangu unayepigwa, omba, lakini omba ukitembea. Mimi nimefika hapa leo kwa huu mguu.