Kumuaga Walter, Mwenye Nyumba Tisa Zisizo Zake

Mheshimiwa Diwani, Mama Rosalind Tibbs. Mchungaji wetu, Cornell Mabry. Mabwana wa benki mlioleta keki. Bwana Gable mwekezaji, ambaye hatukukualika lakini karibu, nyama ipo. Majirani zangu wa mashariki ya Barabara ya Troost. Na wewe Walter Lindqvist, mpeleka barua wetu wa miaka thelathini na minne, ambaye leo unautua mkoba. Niliyemruka asinune, ajihesabu nimemtaja wa kwanza.

Mimi ni Otha Pettigrew, mwashi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini Kansas City nzima hajatokea mtu wa kupanga tofali kama mimi, na anayebisha asimame. Naona mmekaa. Nimejenga dohani magharibi ya Troost kwa wazungu, nimejenga dohani mashariki kwetu, kwa tofali zilezile, chokaa ileile na mikono hii hii. Sasa niambieni, wasomi: kwa nini nyumba ya kule ina bei mara tatu ya nyumba ya huku? Ile ramani ya zamani nimeiona maktaba kwa macho yangu. Mimi nikiwa bado nanyonya, wakubwa waliupaka humo mtaa wetu sisi weusi rangi nyekundu, benki zikaelewa kwamba huku hakukopeshwi mtu. Baadaye sheria ikaja kukataza. Rangi haijaisikia hiyo sheria mpaka leo.

Basi sikieni sifa za Walter. Mwaka tisini na nne nilitaka mkopo niongeze chumba. Mthamini wa benki akaja, akaitazama picha ya harusi yetu ukutani, akanitazama mimi, akaandika dola elfu arobaini na moja. Nikagoma, nikadai mthamini mwingine. Siku ya huyo wa pili, marehemu mke wangu Earline alishusha picha zote, akaficha hata joho lake la kwaya. Mara Walter, mzungu wetu, akatokea na barua. Earline hakumsalimu, alimwambia tu, "Walter, vua kofia, kaa kwenye kiti cha Otha, na usinyanyuke." Akamfunika blanketi la viraka mpaka kiunoni, maana alikuwa na kaptura ya posta. Na huo ulikuwa mwezi wa Julai, ndugu zangu.

Mthamini akamuuliza kama anaumwa. Walter akajibu, "Miguu tu." Akamuuliza kama yuko hapo siku nyingi. Walter ni Mlutheri, uongo haumpiti kooni. Akasema, "Niko hapa kila siku, isipokuwa Jumapili."

Dola elfu sitini na nane. Nyumba ileile, kiti kilekile, kilichobadilika ni makalio.

Tangu hapo mtaa mzima ukawa unamwazima Walter. Amemiliki nyumba tisa, kila moja kwa saa moja, na ya mchungaji imo. Mchungaji, usitazame dari, dari hiyo sikuijenga mimi. Na wewe Bwana Gable, uliinunua nyumba ya marehemu jirani yangu kwa bei ya mkokoteni, ukaipaka kijivu, ukaiuza mara tatu. Barua zako za kuitaka yangu, Walter ameniletea arobaini. Karatasi nzuri sana. Jiko langu linazipenda.

Tumecheka. Lakini lipo jambo sijapata kulisema. Siku ile Earline alimpelekea Walter kahawa kama kijakazi, na mimi nilikuwa juu ya paa langu mwenyewe, nikijifanya kibarua. Mthamini alipotoka alinipungia mkono, akasema, "Fundi, mfanyie kazi nzuri huyu bwana, ana nyumba safi." Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Mimi, Otha Pettigrew. Chumba tulikijenga, lakini nimelala humo miaka yote nikijua aliyesifiwa ni nani.

Jumanne, saa nne asubuhi, mthamini anakuja tena. Mjukuu wangu Jocelyn, yule pale mwenye gauni la njano, anataka mkopo aikarabati nyumba yangu ahamie na wanawe. Bei ikija chini, benki haitampa, na Bwana Gable yuko mlangoni anangoja. Kwa hiyo Jocelyn alimwomba Walter akae mara ya mwisho, na Walter akakubali. Jana mimi nikamwendea Walter kimya kimya, nikamwambia asije. Mlango nitaufungua mimi.

Usinitolee macho, Jocelyn. Ulikuwa hujui, sasa unajua. Sema, wakusikie.

Mmemsikia? Anasema, "Babu, kwa ubishi wako tutaikosa nyumba."

Kweli, tunaweza kuikosa. Bwana Gable, usitabasamu kwanza. Bei ikiwa ya dharau tutaikatia rufaa, na Mheshimiwa Diwani ameniahidi, huku anakula pai yangu ya viazi vitamu, kwamba atatusindikiza. Lakini nina miaka themanini na mitatu, Jocelyn. Nyumba yangu isifiwe au itukanwe, safari hii nataka niwe sebuleni.

Anasema nini tena? Rudia, mjukuu wangu, sikio hili zito.

Anasema Jumanne ataomba ruhusa kazini, aje akae nami, yeye na watoto.

Walter, nenda kapumzishe miguu, umetutendea wema ambao usingehitajika. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Jocelyn, njoo mapema. Kochi linatutosha.