Hatua Kumi na Moja Kati ya Milango Miwili

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, saa tatu asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wasikilizaji wapendwa. Narudia: Jumatano. Ingekuwa Jumanne, leo ningekuwa nawasomea kumbukumbu ya mtu mwingine, na mke wangu angekuwa nyumbani ananisikiliza redioni na kunicheka.

Kila wiki nawaletea marehemu wenu. Leo namleta wangu.

Alikuwa fundi cherehani. Mlimwita Mama Vifungo. Mtoto akipita na shati lililokatika kifungo, hamwachi mpaka amshonee kingine. Alikuwa na sukari miaka tisa, na miaka yote tisa hakukosa kliniki. Chai yake haina sukari. Nikijitilia kijiko cha tatu, ananitolea jicho: "Kunywa, mume wangu. Mimi nakunywa kwa macho."

Basi mafua yakaingia mtaani. Mimi yalinilaza siku tatu, nikaamka nadai chakula. Yeye homa haikushuka, kiu haikukatika, pumzi ikaanza kuwa fupi. Jumatano tukaenda zahanati.

Zahanati yetu ina milango miwili. Mlango wa homa, kila siku. Mlango wa sukari, Jumanne tu. Tukaingizwa wa homa.

"Nesi, mimi nina sukari," mke wangu akasema.

"Sukari ni Jumanne, mama. Leo tunaangalia homa."

"Kwa hiyo sukari yangu leo nimeiacha nyumbani?"

Foleni nzima ikacheka. Nesi naye akacheka, kisha akampa vidonge vya homa. Kipimo cha sukari kilikuwa mlango wa pili, ndani ya kabati, kabati limefungwa. Mlango hadi mlango ni hatua kumi na moja. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kumi na moja najua kuhesabu.

Ijumaa binti yetu akamkimbiza hospitali kubwa. Wakamtoboa kidole. Sukari ilipanda mpaka mashine ikashindwa kutoa namba. Daktari wa huko akaniambia, "Mzee, homa inapandisha sukari. Sukari ikipanda, kinga inalegea, virusi vinajitawalia. Alitakiwa apimwe siku ya kwanza." Siku ya kwanza, wasikilizaji. Jumatano.

Jumapili mapafu yakashindwa.

Mganga mkuu wa zahanati alikuja msibani, shati jeupe limenyooka. Akasema utaratibu ulifuatwa. Sibishi. Ulifuatwa mpaka kaburini.

Binti yangu ameniomba, "Baba, usije ukawatukana redioni." Mwanangu, sijatukana. Nimesimulia.

Pole, mwanangu. Pole, shemeji yangu, uliyemfunga dada yako kifungo cha mwisho cha gauni lake. Mganga mkuu, wewe pole yangu huipati.

Nanyi mnaonisikiliza, mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mwili mzito: mafua ya jirani yako si mafua yako. Yeye yatamlaza, wewe yanaweza kukuondoa. Ukiugua, sema una sukari. Wakicheka, sema tena. Usitoke pale kidole hakijatobolewa.

Mimi nimeuliza dirishani, nimeuliza ofisini, nimeuliza mbele ya jeneza. Sasa nauliza hewani, watu wote wakisikia: Jumatano ile, saa tatu asubuhi, ufunguo wa lile kabati ulikuwa mfukoni mwa nani?