Sifuri Kumi na Nne

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya utafiti ya chuo chetu, Bi Tarehe anastaafu. Jina hilo alipewa na wahadhiri, maana fomu isiyo na tarehe haikupita mezani kwake hata ungeileta ukiwa umefuatana na profesa.

Alianza na madaftari manne na mhuri mmoja. Ndiye aliyeanza kuandika siku ambayo kila ombi la utafiti liliingia na siku lilipotoka, meza kwa meza. Jedwali lake likaonyesha kwamba maombi yalikuwa yakilala siku arobaini kwenye meza ya mkurugenzi mwenyewe! Mkurugenzi alinuna wiki nzima, kisha akakubali kupunguza sahihi zilizotakiwa kwa kila ombi. Tangu hapo uongozi haukuamua jambo bila kumwita Bi Tarehe, nasi ofisini tukawa tunajidai kweli kweli.

Kisanduku cha fomu kisicho na jibu alikiacha kitupu, akainuka kwenda kumuuliza mhusika. Alipanda ngazi za maabara zote kwa magoti yake yale mabovu, nasi tukimcheka.

Miaka mitatu iliyopita, kitengo cha utafiti wa uzazi hakikujaza fomu ya ripoti ya mwaka, kwa sababu mkuu wake alikuwa amelazwa. Visanduku kumi na vinne vilivyokuwa vitupu vikaingia kwenye ripoti kama sifuri: hakuna utafiti, hakuna makala, hakuna wanafunzi. Kamati ya utafiti ya chuo ikakifunga kitengo. Wakunga sita waliokuwa wakifanya utafiti wakatawanyika, na mlango wao una kufuli hadi leo. Ripoti ilikuwa na sahihi ya Bi Tarehe, basi lawama zote zikamwangukia. Hakujitetea. Alihamishiwa masjala ya ofisi hii hii, na hakuitwa tena kikaoni.

Nilipanga kuishia hapo, lakini roho inanisuta. Sifuri zile niliziandika mimi. Wiki ile Bi Tarehe alikuwa amefiwa na mumewe, akaniachia jedwali. Kompyuta ilikataa kulipokea likiwa na visanduku vitupu, nami nikaona uvivu kupanda ngazi. Aliporudi alitia sahihi kwa kuniamini. Alipogundua, aliniuliza tu wanangu wako darasa la ngapi, na jina langu hakulitaja kwa mtu.

Nakala ya wasifu huu nimempelekea mkurugenzi asubuhi ya leo, na nimeiandika tarehe. Asante, dada yangu, na unisamehe. Sote hapa tunakuombea afya njema na siku za utulivu nyumbani. Magoti yako sasa yapumzike. Ngazi za maabara nitapanda mimi, kama wataniacha nibaki.