Mzee Chomoa na Kigoda Chake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Chomoa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya ufundi umeme katika idara yetu.

Jina hilo alilipata kwa haki. Akiitwa kwenye nyumba ambayo breka, ile swichi ya usalama, inakata umeme ovyo, kwanza huchomoa kila kitu ukutani, kisha hurudisha kimoja kimoja, huku akisubiri kwenye kigoda chake. Sisi vijana tulimcheka. Yeye alimaliza nyumba moja wakati sisi tumeshabadilisha breka za nyumba tatu. Kwamba zile tatu zilitupigia simu tena wiki ileile, hilo hatukulisema kwa sauti.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa mara tatu kwenye nyumba moja. Mume alikuwa hoi kitandani, akipumua kwa mashine, na umeme ulikatika saa yoyote. Mkewe alikuwa na siku kumi na moja hajalala sawasawa. Nilishabadilisha breka mara mbili. Mara ya tatu mama yule aliniomba niiondoe kabisa, umeme upite moja kwa moja, nami kwa huruma, na uvivu kidogo, nikakata kipande cha waya cha kuunganisha mahali pa breka. Ndipo Mzee akaingia na kigoda chake.

Aliutazama ule waya, akautia mfukoni. Akaitengea mashine laini yake na breka yake, akachomoa vingine vyote, akavirudisha kimoja kimoja, akaketi. Baada ya saa tatu maji ya bafuni yalipoa, hita ya kuyapasha ikawaka yenyewe, na breka ikakata umeme. Hita ilikuwa imepasuka ndani, inavujisha umeme kwenye maji. Kila nilipofika mimi, maji yalikuwa bado ya moto na hita imetulia. Na maji hayo ndiyo mama aliyoyachota kila asubuhi kumwogesha mumewe kitandani. Kwa ule waya wangu, hakuna ambacho kingeukata umeme huo.

Tulipomaliza, mama alikuwa amesinzia ubavuni mwa mumewe. Mzee aliniashiria ninyate, akabaki kwenye kigoda mpaka mama alipoamka, asije akashtuka na kudhani mashine imezima.

Kwenye ripoti aliandika kwamba hitilafu tuliigundua wawili. Naisahihisha leo, Mzee wangu, mbele ya idara nzima: uliigundua peke yako, na siku ile uliokoa watu watatu, nami nikiwa mmoja wao. Asante sana. Uwe na afya na mapumziko marefu, simu zetu zisikukatishe usingizi. Kigoda ulichotuachia nimeshaanza kukikalia.