Barua Pepe ya Juzi

Mkunga aliyeketi mbele yangu ndani ya basi alimlalamikia fundi simu aliyekaa naye. "Kaka, nitafutie simu ya barua pepe. Hii imekufa."

"Simu nzima hii, dada. Huko kwenu ndiko hakuna mtandao."

"Mbona ya jirani yangu inashika?"

"Labda laini yake ni ya kampuni nyingine."

Basi lilipofika kileleni mwa mlima, simu ililia mfululizo. Mkunga akasoma, akashika mdomo. "Mungu wangu! Nimepata nafasi ya masomo! Barua ya juzi! Mwisho wa kujibu ni saa sita leo!"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Hata mimi nilisahau kujifanya sisikilizi.

"Dereva, simama hapahapa! Tukishuka, mtandao utapotea!" fundi alipaza sauti.

Basi likasimama. Mkunga akaandika jibu.

"Imekwenda," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini simu hii naibadilisha."

"Simu ni nzima, dada!"