Mama Mizani na Sabuni Iliyoibwa Uzito

Asiyeamini haya anyooshe mkono sasa hivi, abishane na msomaji wenu uso kwa uso, maana karatasi hii imeandikwa na kijana aliyeiacha shule kidato cha pili kabla shule haijamwacha, na bado hakuna msomi kati yenu atakayekuta humu tarehe iliyobahatishwa.

Marehemu, mliyemwita Mama Mizani akishawapa mgongo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, wa kwanza kati ya mabinti watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, akasoma shule ya msingi na sekondari hadi 1975, na tarehe 1 Julai 1976 akaajiriwa na ofisi ya vipimo, ambako kwa miaka thelathini na sita alizunguka masokoni na sanduku la mawe ya mizani, akikagua wauza sukari, wauza nyama na wauza misumari, na wengine wenu mlioketi hapa na leso machoni mnajua alivyowafungia maduka, msijifanye wageni.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1983 na dereva wa lori, ndoa ikadumu hadi 1988 dereva alipopata njia nyingine, wala hatutamtaja zaidi kwa kuwa hakutuma hata salamu. Hakujaliwa mtoto wa kuzaa, ila mwaka 2003, mdogo wake wa katikati alipofariki, alimchukua mtoto wake wa miaka mitatu, akamlea, akamchapa, akamnyoosha, na matokeo ya kazi hiyo ndiye huyu mnayemsikiliza, mwenye macho ajionee.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2012, na mwaka uliofuata akaanza kusema kwamba jirani wa ghorofani, fundi redio, huingia ndani wenyewe wakitoka, huchukua vitu na kuacha vingine vinavyofanana navyo lakini vyepesi, basi kila asubuhi akawa anapima vijiko, funguo, ndala na kipande cha sabuni, anaandika daftarini, na sabuni kweli ilipungua kila siku. Mama mdogo, binti wa mwisho, huyo mliyemwachia viti vitupu kulia na kushoto, alihamia kwetu tarehe 12 Januari 2014 baada ya kufiwa na mumewe, akacheka hadi akakaa chini, akasema, "Dada, sabuni tumeiogea." Marehemu hakubishana, alimfungulia daftari tu, mwandiko umenyooka, saini kila ukurasa, na mtu uliyemtii tangu alipokuwa akikufunga kamba za viatu utamkatalia vipi, kwa hiyo wakapigilia madirisha misumari, wakaacha kumfungulia mtu mlango, na kufika 2016 Mama mdogo ndiye aliyekuwa akitaja upungufu kabla jiwe halijatua kwenye mizani. Wakaacha kabisa kuigusa sabuni, ikaendelea kupungua kwa kukauka, wakasema si unaona. Msomaji wenu peke yake ndiye aliyebaki na akili zake humo ndani, akicheka pembeni.

Tarehe 9 Februari 2019 fundi redio alimwagiwa maji ya moto ngazini, na hapo ndipo majirani mlipokumbuka kwamba mna simu, baada ya miaka mitano ya kuchungulia na kuwaita wachawi. Daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, alieleza kwamba hapana uchawi wala ukoo uliolaaniwa, ila imani isiyo ya kweli huota kwa mmoja, mara nyingi mwenye kauli nyumbani, kisha wa karibu yake akaishika, hasa wakijifungia pasipo kusikia sauti nyingine, na huyo wa pili si mjinga, anampenda mwenzake na kumwamini. Akawalaza wodi mbili, kwa kuwa mara nyingi wa pili akitengwa na wa kwanza huanza kuiachilia, na wa kwanza huhitaji dawa na muda. Wiki ya saba Mama mdogo alioga kwa sabuni, akalia, akamwomba radhi fundi redio, akapangishiwa chumba mbali hadi daktari aseme vinginevyo. Marehemu alirudi nyumbani Septemba na vidonge vyake, akafika mahali pa kupima vijiko viwili tu, lakini moyo ukaanza kuchoka, akalazwa tarehe 3 Mei 2021, akafariki tarehe 21 Agosti 2021 saa nne asubuhi, na miezi yote hiyo Mama mdogo hakufika wodini kwa sababu daktari alikataza.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, inamshukuru fundi redio, aliyebeba jeneza kwa mkono wenye kovu, inawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu walioikumbuka leo njia ya kuja nyumbani baada ya miaka tisa, na majirani kwa viti.

Karatasi imeishia hapo, lakini tangu jana mnanong'ona kwamba Mama mdogo alimtupa dada yake, nami nimewaacha mnong'one. Daktari hakukataza. Tarehe 2 Juni aliniita ofisini, akaniambia, "Wakutanishe, nawe uwepo. Kuwatenga moja kwa moja si tiba." Niliitikia, nikaenda kwa Mama mdogo nikamwambia bado hairuhusiwi, nikarudi wodini nikamwambia marehemu kwamba mdogo wake hataki kumwona, na yeye kila saa ya kutazama wagonjwa ilipofika alisogea ukutani amwachie nafasi ya kukaa kitandani. Wagonjwa nyumba ile hawakuwa wawili. Shule niliiacha ili nilinde mlango, na nyundo mkononi, nikiamini kila gramu, na niliogopa nikiwaona tena wamekaa pamoja, dakika kumi tu, nitaamini upya.

Mama mdogo, usiwaangalie hao, niangalie mimi. Alikuulizia hadi siku ya mwisho.

Lala kwa amani, Mama mkubwa. Mdogo wako hakukukataa.